Taa ya ABS: historia ya kompyuta iliyofundishwa kukiri

Wasomaji wangu, leo tunaweka kando seva na hifadhidata, tunaingia chini ya boneti. Msishtuke. Mada ni ileile ya siku zote: programu, hitilafu, na nani ana nafasi ya kuisoma hitilafu hiyo. Tofauti ni kwamba leo programu yenyewe imo ndani ya gari la karibu tani mbili, na gari hilo linateremka kilima.

Anayeijua Mukurweini anajua vilima ninavyovisema. Kusini mwa Nyeri ardhi ni migongo na mabonde, kahawa na majani chai, na mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Barabara hufuata mgongo kwa muda, kisha hutumbukia hadi mtoni na kupanda tena upande wa pili. Udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Ndiyo maana mwenye uwezo huko hununua Prado, Pajero, Forester au X-Trail, na mara nyingi huwa ni la mtumba kutoka Japani.

Kwenye dashibodi ya mengi ya magari hayo kuna kitaa cha njano chenye herufi tatu: ABS. Ukiwasha swichi kinapaswa kuwaka kwa sekunde chache, halafu kizime. Katika magari mengine hakizimi. Mwenye gari anakwenda kwa fundi. Fundi wa kwanza anasema, "Badilisha sensa." Wa pili anasema kompyuta ya breki imekufa, itafutwe nyingine. Wa tatu anasema, "Hiyo taa ni kelele tu, mzee. Nikutolee balbu?"

Nani kati yao anasema kweli? Ukijua taa hiyo ilitoka wapi na kwa nini iliwekwa, swali linakuwa rahisi zaidi. Basi twende tangu mwanzo.

Breki zilizojua kufikiri bila umeme

Shida ya asili ni ya fizikia. Gurudumu linalozunguka linashika barabara na pia linaweza kuelekeza gari. Gurudumu lililofungwa na breki likaanza kuserereka haliwezi tena kuelekeza chochote: unazungusha usukani lakini gari linaendelea kwenda lilikokuwa likienda. Katika kona ya mteremko, "lilikokuwa likienda" ni bondeni.

Wa kwanza kulivalia njuga tatizo hili kwa mafanikio ya kibiashara walikuwa watu wa ndege, kwa sababu ndege ikitua na magurudumu yamefungwa hupasua matairi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitoa kifaa kilichoitwa Maxaret. Hakikuwa na transista hata moja. Ndani yake kulikuwa na gurudumu dogo zito lililozunguka pamoja na gurudumu la ndege. Gurudumu kubwa likipungua kasi ghafla, lile dogo liliendelea kuzunguka kwa uzito wake, na tofauti hiyo ilifungua valvu ya kupunguza shinikizo la breki. Ukiwa mtu wa programu utaona haraka kwamba hiyo ni sharti moja tu la "ikiwa... basi...", lililoandikwa kwa chuma.

Mwaka 1966 Maxaret iliingia kwenye gari la kuuzwa kwa umma, Jensen FF, gari la Kiingereza ambalo pia lilikuwa na uvutaji wa magurudumu manne. Lilikuwa ghali, na yalitengenezwa takriban 320 tu. Marekani nako, Ford wakishirikiana na Kelsey-Hayes walitoa mfumo ulioitwa Sure-Track mwaka 1969, wa magurudumu ya nyuma peke yake. Mwaka 1971 Chrysler wakishirikiana na Bendix wakatoa wa magurudumu yote manne kwenye Imperial.

Hadi hapo ungedhani kazi imekwisha. Kumbe sehemu ngumu ilikuwa bado.

Lori za 1975: somo la uchungu

Mwaka 1975 serikali ya Marekani ilianza kutekeleza kanuni namba 121 kuhusu breki za upepo za lori na trela. Kanuni ilitaka lori zisimame ndani ya umbali fulani bila magurudumu kujifunga. Kwa vitendo, hiyo ilimaanisha kila lori jipya liwe na mfumo wa elektroniki wa kuzuia magurudumu kujifunga.

Elektroniki za wakati ule hazikuwa zimeiva kwa maisha ya lori: mtikisiko, maji, chumvi, joto, nyaya kukatika. Mifumo ikaharibika barabarani. Watengenezaji na wenye lori wakaenda mahakamani, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya PACCAR, ikaitupa sehemu hiyo ya kanuni. Hoja iliyowaelemea majaji ilikuwa kwamba mfumo usioaminika unaweza kuifanya barabara kuwa ya hatari kuliko kutokuwa nao kabisa.

Nawaomba wenzangu wa kompyuta msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Programu inayofanya kazi mara nyingi lakini si kila mara, bila kusema ni lini haifanyi, ni mbaya kuliko kutokuwa na programu. Dereva asiye na ABS anajua hana, naye huendesha hivyo. Dereva anayedhani anayo, na hana, anaingia kwenye kona akitegemea kitu kilichokufa kimya kimya.

Serikali hiyo ilirudi na kanuni mpya mwaka 1995, na ikaanza kutumika kwa lori za kuvuta trela mwaka 1997 na kwa trela mwaka 1998. Kanuni hiyo ilidai pia taa ya kuonyesha hitilafu. Miaka ishirini ilikuwa imewafundisha kwamba taa ni sehemu ya breki zenyewe.

Stuttgart, 1978

Mwaka uleule mahakama ilipotoa hukumu yake, Ujerumani walikuwa wakimaliza kazi ya namna nyingine. Mercedes-Benz walikuwa wameonyesha mfumo wao hadharani mwaka 1970, lakini hawakuuuza. Ulitumia elektroniki za analogi, na haukudumu vya kutosha. Wakasubiri. Bosch wakaendelea kuupika hadi vipande vya kidijitali vikapatikana. Kitengo cha udhibiti kilichokuwa na sehemu zipatazo 1,000 za analogi kikashuka hadi 140 hivi. Agosti 1978 mfumo ukatangazwa Stuttgart kwa ajili ya gari la S-Class, na kuanzia mwisho wa mwaka huo mteja aliweza kuulipia kama nyongeza.

Watu husifu kasi ya udijitali: kompyuta inasoma mwendo wa kila gurudumu, ikiona moja linapungua kasi kuliko inavyowezekana kwa gari zima, inaamuru valvu ishikilie shinikizo, ilipunguze, kisha ilirudishe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ule mtetemo unaousikia kwenye pedali ndio huo. Lakini kwa hadithi yetu sifa kubwa zaidi ni nyingine. Mfumo wa kidijitali unaweza kujipima wenyewe. Ukiwasha swichi, kompyuta inapitia nyaya zake: valvu ipo? relei inaitikia? sensa zimeunganishwa? betri ina volti za kutosha? Gari likianza kutembea inalinganisha mwendo wa magurudumu manne. Wakati huo wote kitaa cha njano kinasubiri uamuzi.

Na uamuzi wenyewe ni wa busara sana. Kompyuta ikipata shaka, hata ya sensa moja, haibahatishi. Inajitoa. Inaacha valvu katika hali ya kawaida ili mafuta ya breki yapite moja kwa moja kutoka mguuni mwako hadi kwenye gurudumu, kama katika gari lisilo na ABS. Kisha inawasha taa: mimi sipo kazini, endesha ukijua hivyo.

Kwa hiyo yule fundi wa tatu, wa kutoa balbu, hatoi kelele. Anaiziba mdomo kompyuta iliyofundishwa kukiri, na kumrudisha mteja wake kwenye lori za 1975.

Magari yafika Mukurweini

Nyeri ya miaka ya 1970 na 1980 ilitembea kwa Peugeot 504, Land Rover na pikapu. Kenya yenyewe ilikuwa ikiunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi. Breki za magari hayo zilikuwa za mafuta, chuma na raba. Fundi aliyeyajua aliyajua kwa mkono na sikio.

Shule za ufundi zilikuwa za namna mbili. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieneza duniani jina la "sekta isiyo rasmi", yaani wale tunaowaita jua kali. Mwaka huohuo ilianzishwa Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, Nyeri, ambayo ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mwaka 2012. Elimu ya darasani na elimu ya kibandani zilikua jirani, ila hazikupeana daftari mara nyingi.

Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ikamiminika. Baadaye kiwango cha taifa KS 1515 cha mwaka 2000 kikaweka sharti la umri: gari la mtumba linaloingia lisizidi miaka minane. Sharti hilo lina matokeo ambayo hayazungumzwi sana. Linahakikisha kwamba teknolojia ya Japani inafika vijijini kwetu ikiwa imechelewa kwa miaka michache tu. Gari linafika na kompyuta zake zote, lakini vitabu vyake vimebaki kule, na vikija vimeandikwa Kijapani.

Kwa hiyo kilichowakuta mafundi wetu ni hiki: mashine inayosema, katika lugha ambayo hakuna aliyewapa kamusi yake.

Waya mmoja na taa inayohesabu

Na bado walisoma! Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya boneti. Ukiunganisha matundu mawili, Tc na E1, kwa kipande cha waya kisha ukawasha swichi, kitaa cha ABS kinaanza kupepesa. Kikipepesa kwa utulivu, mara mbili kila sekunde, kompyuta haina la kukushtaki. Kikipepesa mara tatu, kikapumzika, kikapepesa tena mara tatu, huo ni msimbo 33.

Jedwali la Toyota nyingi za wakati huo ni fupi. 11 hadi 14 ni relei za valvu na pampu. 21 hadi 24 ni valvu zenyewe. 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni volti za betri. 51 ni pampu iliyokwama. Ukimaliza matengenezo, waya ukiwa bado pale, unakanyaga breki mara 8 ndani ya sekunde 5 na kumbukumbu inafutika. (Tahadhari: usikosee tundu. Waya kwenye tundu lisilo lake unaweza kuunguza kompyuta.)

Hebu fikirieni ubunifu huo. Hakuna skrini, hakuna kebo ya kununua, hakuna leseni. Kilichohitajika ni waya na karatasi moja ya jedwali, na karatasi hiyo ilitembea: ikanakiliwa kwa kalamu, ikabandikwa ukutani, ikapigwa fotokopi. Mafundi wetu waliingia kwenye uchunguzi wa kompyuta za magari kwa mlango huo.

Tundu la pini 16

Marekani wakati huo walikuwa wakisukumwa na jambo tofauti kabisa: moshi. Jimbo la California lilikuwa limetaka magari yajichunguze kuhusu uchafuzi wa hewa tangu modeli za 1988. Kisha, kwa modeli za 1996, kila gari dogo lililouzwa Marekani likatakiwa kuwa na OBD-II: tundu moja la pini 16 chini ya dashibodi, na lugha iliyokubaliwa ya kusoma misimbo. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Sheria ililazimisha uwazi wa injini na moshi tu. Breki hazikuwa ndani ya sharti hilo. Misimbo ya injini huanza na P, ya chasi na breki huanza na C, na sehemu kubwa ya hiyo ya C iliachwa mikononi mwa kila mtengenezaji. Mashine ndogo inayosoma injini ya gari lako vizuri kabisa inaweza kukuambia "hakuna hitilafu" huku taa ya ABS inawaka mbele ya macho yako. Haidanganyi. Haikuulizia breki kabisa.

Kwa magari ya soko la ndani la Japani kuna tatizo la ziada. Baadhi ya yale ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana tundu hilohilo la pini 16, lakini nyuma yake hakuna OBD-II. Tundu lipo, lugha haipo. Fundi anachomeka, mashine inakataa kuunganisha, mteja anaambiwa kompyuta imekufa. Kumbe iko hai, inaongea lahaja nyingine.

Chipu kutoka Canada

Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Canada, Elm Electronics, ilitoa chipu iitwayo ELM327. Kazi yake ilikuwa kutafsiri: upande mmoja lugha za OBD-II, upande wa pili maandishi ya kawaida yanayosomeka na kompyuta yoyote. Programu ya ndani ya toleo la kwanza haikukingwa dhidi ya kunakiliwa. Basi ikanakiliwa, na nakala zikajaa dunia nzima kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Elm wenyewe walifunga biashara mwaka 2022. Nakala zinaendelea kuuzwa.

Kwa fundi wa kijijini hii ilikuwa neema yenye mtego. Neema, kwa sababu simu ya mkononi na kidude cha Bluetooth viligeuka kuwa maabara. Mtego, kwa sababu nakala nyingi huacha amri fulani nje, na programu za simu za bure kwa kawaida husoma P peke yake. Kabla hujanunua, uliza swali moja: je, kifaa hiki pamoja na programu yake vinasoma ABS ya gari hili, modeli hii, mwaka huu? Kama muuzaji anajibu "kinasoma magari yote", hajajibu.

Msimbo ni wingu

Tuseme sasa umefanikiwa. Prado la mtumba, msimbo 33, au C0210 kwa lugha mpya zaidi ya Toyota: sensa ya nyuma kulia. Fundi wa kwanza alisema badilisha sensa. Je, alikuwa sahihi?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema wingu ni mvua. Msimbo unakuambia kompyuta ilianza kutilia shaka ikitazama wapi. Haikuambii ununue nini. Kati ya kompyuta na gurudumu la nyuma kulia kuna sensa, lakini pia kuna mita kadhaa za waya, kiunganishi, gurudumu la meno na beringi.

Tupige hesabu. Gurudumu la meno 48, tairi lenye mzingo wa karibu mita 2.4, mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Gari linakwenda mita 11.1 kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara 4.6 hivi, na sensa inatuma mapigo yapatayo 220 kila sekunde. Jino moja likivunjika, katika kila mzunguko kuna pigo moja linalokosekana. Sensa ni nzima kabisa. Ukiibadilisha, taa inarudi kabla hujafika Karatina.

Mpangilio wa kazi unaofuata historia tuliyoipitia ni huu, kutoka rahisi hadi ghali:

1. Tazama kiasi cha mafuta ya breki, volti za betri na fyuzi. Kompyuta inayoona volti chache hujitoa.

2. Soma misimbo na uiandike kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Ukifuta kwanza, umechana ushahidi.

3. Fuata waya wa gurudumu lililotajwa kwa macho na vidole. Kwenye barabara zetu mawe na tope ndio mahasimu wa kwanza. Tafuta ulipokwaruzwa, ulipokatika ndani ya ganda lake, na kiunganishi kilichoota kutu ya kijani.

4. Pima sensa kwa mita ya umeme na uilinganishe na ya upande wa pili. Sensa za zamani ni koili ya waya, mara nyingi karibu kiloohm 1, na ukizungusha gurudumu kwa mkono zinatoa umeme kidogo. Sensa za kisasa zina elektroniki ndani. Kipimo cha ohm hakisemi kitu cha maana kwazo.

5. Chomoa sensa utazame. Kutu iliyojengeka chini yake huisukuma mbali na meno, na umbali ukiongezeka mapigo yanadhoofika. Kagua meno yote, kisha tikisa gurudumu uone kama beringi imelegea.

6. Kama mashine yako inaonyesha mwendo wa magurudumu yote manne, endesha taratibu mahali salama, mtu mwingine akitazama skrini. Linaloanguka sifuri kabla ya wenzake, au linalorukaruka, ndilo la kuchunguzwa.

Nyongeza kwa magari ya miaka ya 2000 kuja huku: katika mengi meno hayapo tena, badala yake kuna pete ya sumaku ndani ya muhuri wa beringi. Upande mmoja wa beringi una sumaku, wa pili hauna, na kwa macho zinafanana. Ikifungwa kinyume, gari linaendeshwa vizuri na taa inawaka milele. Ikiwa taa ya gari lako iliwaka siku chache baada ya kubadilisha beringi, anzia hapo kabla hujauziwa kompyuta.

Milango yaanza kufungwa

Julai 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wanaweza kuiingilia Jeep Cherokee wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu. Miongoni mwa waliyoyafanya, gari likiwa katika mwendo mdogo, ni kuzima breki. Njia ya mwisho ya shambulio hilo ilikuwa ni ujumbe wa uchunguzi, wa jamii ileile anayoituma fundi. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa.

Kuanzia modeli za 2018 kampuni mama ya Jeep, Fiat Chrysler, ikaanza kuweka lango la usalama kati ya tundu la pini 16 na kompyuta za gari. Bila kujisajili na kuthibitishwa, unaweza kusoma baadhi ya mambo, lakini kufuta misimbo au kuamuru vipimo haiwezekani. Watengenezaji wengine wana malango yao.

Sitaki kuwa mnafiki hapa. Kama mtu wa programu, naona kwa nini lango liliwekwa. Breki zilizo wazi kwa intaneti ni wazimu. Wapigakura wa jimbo la Massachusetts walikabili swali hili mara mbili, 2012 na 2020, na mara zote wakaamua kwamba mwenye gari na fundi wake huru wapate taarifa za matengenezo. Lakini mjadala ule ulihusu gari jipya la mteja wa kwanza. Kwa sharti letu la miaka minane, magari ya malango tayari yanaingia Mombasa, na fundi wa Mukurweini hayumo kwenye orodha ya yeyote ya waliothibitishwa. Karatasi ya jedwali iliyobandikwa ukutani haifungui lango.

Kama hatutakuwa na jibu, tutarudi kwa fundi wa balbu. Ataendelea kuwa na wateja, si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu kazi yake ndiyo pekee isiyohitaji ruhusa.

Ya kubeba nyumbani

Taa ya njano ya ABS peke yake: breki za kawaida zipo. Punguza mwendo, ongeza nafasi, na panga siku ya kwenda kwa fundi. Taa ya njano pamoja na ile nyekundu ya breki: hiyo ni habari nyingine. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma umejitoa, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza. Usiteremke kilima. Simamisha gari mahali salama uite fundi.

Ukinunua gari, washa swichi bila kuwasha injini na utazame. Kitaa cha ABS kisipowaka kabisa, huenda kuna aliyekiziba mdomo. Kikiwaka na kusubiri hadi uwashe injini, kisha kikazima sawasawa na taa ya oili, huenda kimeunganishwa na waya wa oili ili kikuhadae. Chenye afya kina saa yake mwenyewe: sekunde chache, kinazima.

Na hata ABS nzima kabisa ina mipaka. Juu ya changarawe iliyolegea, gurudumu lililojifunga huchimba na kujijengea kilima kidogo mbele yake; ABS hulizuia lisifanye hivyo, na umbali wa kusimama unaweza kuongezeka. Faida unayobaki nayo ni usukani. Itumie.

Kwa wenzangu wa programu nina ombi dogo. Misimbo ya C ya magari yanayotembea kwetu, maana yake na vipimo vyake, haijakaa mahali pamoja kwa Kiswahili. Haihitaji fedha nyingi: jedwali, mafundi watatu wenye uzoefu, na mtu wa kuandika. Kama una ukurasa wa kitabu cha gari lako, au fundi wako ana karatasi ile ya zamani ukutani, ipige picha unitumie, nami nitaipanga na kuiweka hapa kwa kila mtu, huria.

Haya, kwa leo niishie hapa. Mkiteremka, teremkeni na gia ndogo.